Majibu ya Seremala

Jina la Mwalimu alipewa siku ya kwanza ya darasa, kabla hata chai ya saa nne haijapanda ghorofani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, fundi wa mifumo ya kompyuta, na kwa miezi minane tangu aajiriwe watu wa chini walimwita "dada wa juu" tu, kwa kuwa meza yake ilikuwa ghorofa ya pili. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo na kazi yake ilikuwa moja: kupokea majibu ya vipimo kutoka maabara na kuyafikisha kwa madaktari wa zahanati na hospitali, kwenye simu na kompyuta zao.

Meneja alikuwa ameamua kuwa mfumo wa zamani utupwe na mpya uingie, na akataka kila mtu auelewe, kuanzia mhasibu hadi wapokea simu. "Wafundishe kama watu ambao hawajawahi kusikia kitu," alimwambia. "Nisisikie mtu ananiambia hakuelewa."

Basi Jumatatu hiyo walikaa watu kumi na mmoja katika chumba cha mikutano. Projekta ilinguruma, na pazia lililokatika ndoana liliachia mwanga ukafuta nusu ya maandishi ukutani. Mwalimu akaizima projekta, akashika kalamu ya ubao.

"Zamani," alianza, "programu ya kutuma majibu ilikaa kwenye seva moja. Seva ikiumwa, kazi imelala. Babu Seva anapigiwa simu kwake, anaacha sahani mezani, anakuja kuihudumia kama mgonjwa. Kweli si kweli?"

"Kweli tupu," alijibu Babu Seva mwenyewe kutoka kiti cha nyuma. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alikuwa ametunza mashine za kampuni ile kwa miaka ishirini na mbili, na alikuwa na mazoea ya kuzigonga mgongoni kwa kiganja akipita, kama mtu anayesalimia ng'ombe wake.

"Sasa programu tunaifungasha pamoja na kila inachohitaji ndani ya kifurushi kimoja. Kifurushi hicho ndicho kontena. Unaweza kuwa nayo matatu, kumi, mia, na yote yanafanya kazi ileile. Halafu juu yake yuko mratibu. Mratibu si mtu, ni programu pia, na kazi yake kubwa ni kuhesabu. Ukimwambia unataka makontena matatu, atahakikisha yapo matatu. Moja likifa, anawasha jingine kabla hujapepesa macho."

Mama Simu, aliyekuwa mkubwa wa wapokea simu na mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akainua mkono. "Kwa hiyo ni kama jiko la hoteli? Mpishi akidondoka, msimamizi anamvuta pembeni, anamwita mwingine, na mteja anaendelea kusubiri sahani yake hajui lolote?"

"Mama, njoo ufundishe wewe!" Mwalimu alisema, na chumba kikacheka.

Babu Seva hakucheka bado. "Na yule mpishi aliyedondoka, nani anakwenda kumtazama kilichomdondosha?"

"Hatumtazami, Babu. Tunaleta mwingine."

"Haya," Babu Seva akasema, akitikisa kichwa. "Siku yangu ikifika nileteeni mwingine tu, msijisumbue na maua." Hapo watu walivunjika mbavu, na yeye mwenyewe akacheka hadi miwani ikamdondoka kifuani.

Mwishoni Mwalimu aligawa karatasi ya ukurasa mmoja aliyoiandika kwa lugha nyepesi, maana alijua watu wengi hawasomi ukurasa wa pili. Mstari wa sita ulisema: Kontena likijiwasha upya, usihangaike, mfumo unajiponya wenyewe. Babu Seva aliinakili karatasi yote kwenye daftari lake kwa mwandiko wa kuinama, na alipofika mstari huo akauliza, "Hili niandike hivihivi?"

"Andika hivyohivyo, Babu."

Mfumo mpya ulianza kazi wiki tatu baadaye, na Meneja alifurahi mno. Siku hiyohiyo aliwaandikia watu wa maabara kwamba hawana haja tena ya kuwapigia madaktari simu pale jibu linapokuwa la hatari. Mfumo ungewapelekea ujumbe mwekundu papo hapo. Babu Seva alipewa kazi ya zamu ya mchana ya kuangalia skrini. Ilikuwa skrini nzuri, imejaa vidoti vya kijani, na upande wa kulia palikuwa na safu ya namba ndogo zinazoonyesha kila kontena limejiwasha upya mara ngapi.

Kontena la kutuma majibu ya haraka lilionyesha tatu. Siku ya pili likaonyesha kumi na nne. Siku ya nne Babu Seva alipanda ngazi, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda, akamkuta Mwalimu akiwa na simu sikioni na nyingine mkononi.

"Binti yangu, lile la majibu ya haraka limefika sitini na moja."

"Sitini na moja nini?"

"Kujiwasha."

Mwalimu alifunika simu kwa kiganja, akafungua skrini yake, akatazama. Vidoti vilikuwa vya kijani. "Babu, haya tumeshaongea. Linakufa, linafufuka. Ndiyo uzuri wake."

"Sitini na moja si nyingi?"

"Kijani ni kijani, Babu."

Babu Seva akavuta miwani, akashuka. Hakupanda tena.

Wiki iliyofuata, Jumatano asubuhi, Mwalimu alikuwa akipita chumba cha simu kwenda kuchukua karatasi za printa. Mama Simu akamwashiria kwa kidole, amebana simu kati ya sikio na bega. "Kuna mama hapa, jana kapiga, leo kapiga. Mumewe katolewa damu Jumatatu, zahanati wanamwambia majibu hayajafika, apige namba iliyo kwenye karatasi. Mimi huku naona imeandikwa yametumwa."

Mwalimu aliinama kuangalia skrini. Ilisema: Yametumwa. "Kama yametumwa, yametumwa. Mwambie waangalie upande wao, simu ya daktari labda imejaa."

Mama Simu alirudi kwenye simu na kulainisha sauti. "Mama, huku kwetu yameshatoka. Waambie waangalie vizuri. Eeh. Pole, mama. Pole sana." Mchana mwanamke yule alipiga mara ya tatu, na jibu lilikuwa lilelile.

Alikuja mwenyewe Jumanne iliyofuata. Alikuwa mwembamba, amevaa nguo nyeusi ambayo dhahiri haikushonwa kwa ajili yake, na mkononi ameshika kipande cha karatasi chenye namba ya kipimo. Hakupiga kelele. Alisimama kwenye kaunta akasema anataka karatasi ya majibu ya mume wake. Mume wake alikuwa seremala. Alikuwa amevimba miguu na kuishiwa nguvu, akapimwa damu Jumatatu, akafa Alhamisi alfajiri, na wamemzika Jumamosi.

"Sina shida nyingine," alisema. "Nataka tu kujua alikuwa na nini."

Mama Simu alikitazama kile kipande cha karatasi, akaitambua namba. Aliinuka, akaenda msalani, akakaa huko muda mrefu.

Mwalimu ndiye aliyeitafuta ile namba. Ilimchukua dakika ishirini, kisha ilimchukua siku nzima kuamini alichokiona. Kontena la majibu ya haraka lilikuwa likichukua jibu kwenye foleni, linaliandika kuwa limetumwa, halafu ndipo linalituma. Likipokea majibu mazito yenye picha, nafasi ya kumbukumbu linayoruhusiwa kutumia inajaa, na mratibu analiua palepale, katikati ya kuandika na kutuma. Jingine linawaka, linaendelea na foleni, na jibu lolote lililokuwa mkononi mwa lililokufa, hata lisilo na picha, linapotea likiwa na alama ya kutumwa. Ile nafasi ilikuwa ndogo mno, na kikomo chake alikiweka yeye mwenyewe kwa mkono wake. Lilikuwa limejiwasha mara mia mbili na kumi na saba. Majibu thelathini na moja hayakufika popote. Ishirini na tisa hayakuwa na madhara. Moja lilikuwa la mtoto ambaye mama yake hakusubiri, alimkimbiza hospitali nyingine akapona. Na moja lilikuwa la seremala: potasiamu kwenye damu imepanda kiasi kwamba moyo unaweza kusimama saa yoyote. Mtu wa namna hiyo, akifikishwa hospitali, huanza kutibiwa ndani ya dakika chache.

Jioni ile nyumbani hakula. Aliishi na mama yake, mkunga mstaafu, mwanamke asiyependa maneno ya kuzungushwa. Mama aliisukuma sahani pembeni, akamsikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Kwa nini hakuna mtu aliyepiga simu?" aliuliza. "Enzi zetu maabara ilipiga. Kengele ikilia saa ile tunajua kuna jambo, unaacha hata kikombe."

"Tulizikomesha simu, mama."

"Nani alizikomesha?"

"Meneja. Lakini kwa sababu mimi nilimwambia mfumo hauhitaji mtu."

Mama alimtazama mwanawe. "Usiniombe nikwambie si kosa lako," alisema. "Nimezalisha wanawake miaka thelathini na mmoja. Wale waliofia mikononi mwangu wengine Mungu aliwachukua. Wawili niliwaua mimi kwa uchovu. Nawajua majina." Kisha akainuka, akaosha sahani.

Kesho yake Meneja alimwita Mwalimu ofisini, akafunga mlango. Palikuwa na wakili, mtu mnene anayehema kwa mdomo.

"Zahanati zinataka taarifa leo," Meneja alisema. "Tumeshakaa na wakili. Hitilafu ilikuwepo, hatukatai. Lakini hitilafu ilikuwa inaonekana kwenye skrini kwa siku kumi na moja za kazi, na kulikuwa na mtu amekaa mbele ya skrini hiyo, analipwa kwa kazi hiyo."

"Alinieleza."

"Kwa maandishi?"

Mwalimu alitikisa kichwa.

"Utaratibu unasema taarifa ni kwa maandishi," wakili alisema kwa upole. "Hatusemi uongo wowote, dada. Tunasema mwangalizi wa zamu hakutoa taarifa ya maandishi. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, lakini..."

"Basi." Meneja alisogeza karatasi. "Amebakiza mwaka na miezi miwili astaafu. Tutampumzisha mapema, hatutamkomoa. Wewe tukikupoteza, nani atautengeneza huu mfumo? Kuna wagonjwa wengine kwenye foleni sasa hivi."

Hilo la mwisho ndilo lililommaliza. Alijiambia kuwa ni kwa ajili ya wagonjwa. Alisoma taarifa mara mbili, na kila sentensi ikisimama peke yake ilikuwa kweli. Akatia saini. Aliandika jina lake vizuri kama kila siku, na baadaye hilo lilimsumbua kuliko saini yenyewe.

Babu Seva aliitwa saa nane. Alikaa ndani dakika kumi tu. Mwalimu alikuwa kwenye ngazi alipotoka, na alimwona akienda mezani kwake na kuvuta droo. Lile daftari lilikuwa juu kabisa. Angeweza kurudi nalo kwa Meneja, akafungua ukurasa wa darasa, akaweka kidole kwenye mstari wa sita. Babu Seva alilitazama, akaliweka ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kikombe chake, sweta na bisibisi mbili. Alipofika mlangoni alimkuta Mwalimu amesimama. Alisema, "Kwaheri, binti," kwa adabu ileile ya siku zote, akapita.

Mwalimu alikaa na jambo lile siku tano. Alirekebisha mfumo, akaongeza nafasi, akapanga upya hatua ili jibu lisiandikwe limetumwa kabla halijatumwa. Ilikuwa kazi ya mistari minne. Siku ya sita alirudi kwa Meneja kumwomba taarifa ibadilishwe.

"Imeshakwenda kwa zahanati zote, hata mtandaoni imefika," Meneja alisema bila kuinua macho. "Tukiibadilisha sasa, tutaonekana tulidanganya."

"Tulidanganya."

"Kaa chini ufanye kazi."

Hakukaa chini. Anwani ya seremala ilikuwa kwenye fomu ya kipimo. Mchana huohuo alitoka akaenda.

Nyumba ilikuwa nyuma ya karakana. Mbele palikuwa na kitanda ambacho hakijamaliziwa, miguu mitatu imepigwa randa, wa nne bado ubao. Mwanamume aliyefanana sura na mtu aliyekuwa kwenye picha ya mazishi ukutani alikuwa akipanga misumari kwenye makopo. Alikuwa mdogo wa marehemu. Alimwita shemeji yake, na mjane akatoka akifuta mikono.

Mwalimu alikuwa amejiandalia maneno njiani, lakini yalimtoroka yote. Alisimama palepale kwenye maranda akaeleza: kile kipimo kilionyesha nini, kikomo alichoweka, karatasi aliyoandika, mzee aliyepanda ngazi na kurudishwa, saini. Mjane alisikiliza bila kumkatiza.

"Niliambiwa yametumwa," alisema. "Mara tatu. Na huyo aliyeniambia nilimshukuru. Ni wewe?"

"Aliyeongea alikuwa mwingine. Maneno yalikuwa yangu."

Shemeji alitupa kopo la misumari ukutani, likabingirika hadi nje. Mjane hakugeuka. "Umekuja nikusamehe?"

"Hapana," Mwalimu alisema, ingawa hakuwa na hakika.

"Maana sina. Labda siku moja, lakini sasa hivi sina, hata nikitafuta nyumba nzima." Aliingia ndani, akatoka na daftari la shule la mmoja wa binti zake na kalamu. "Andika. Yote uliyoyasema. Na jina lako na saini, kama ulivyowawekea wao."

Mwalimu aliandika akiwa ameegemea meza ya kazi ya seremala. Kurasa tatu. Shemeji alizisoma kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, akazikunja, akazitia mfukoni. Wiki hiyohiyo zilifika kwenye bodi inayosimamia huduma za afya.

Meneja alimfukuza kazi siku bodi ilipopiga simu. Mama Simu alimsindikiza hadi mlangoni, na sauti yake ile ya kuamsha mtaa ilikuwa haisikiki. Alimnong'oneza kuwa ameomba kuhamishiwa stoo. "Simu ikilia moyo unanipasuka," alisema.

Kabla ya siku ya shauri mbele ya bodi, Mwalimu alikwenda kwa Babu Seva. Mkewe alimwona getini, akaingia kumwita mumewe bila kumkaribisha ndani. Babu Seva alitoka na ndala, miwani kifuani.

"Nimesikia umeandika," alisema.

"Nimekuja kukuomba radhi, Babu. Kwa lile darasa, na kwa siku ile uliyopanda."

"Hayo hayahitaji radhi. Ulikuwa hujui, na mimi nilikuwa na mdomo, ningeweza kupanda mara ya pili. Nilihofia kuonekana mzee asiyeelewa." Alishika nondo za geti. "Ila ile saini ulijua. Miaka ishirini na mbili, binti. Wajukuu zangu wamesoma mtandaoni kwamba babu yao alilala kazini mtu akafa."

Babu Seva aliziachia nondo. Kisha akasema ana miadi ya dawa, akarudi ndani.

Shauri lilikwisha kwa vikao viwili. Bodi iliagiza kuwa jibu lolote la hatari lipigiwe simu na mtu, na mtu aandike jina la aliyeipokea. Taarifa ya kwanza ilifutwa, na Babu Seva akasafishwa kwa barua ya mistari sita. Hakuomba kurudi kazini. Kampuni ilipewa onyo na Meneja alibaki kitini kwake.

Siku ya mwisho mwenyekiti wa bodi alimuuliza mjane kama ana neno. Mjane alisimama. Alisema ana swali moja, na si kwa bodi. Alimgeukia Mwalimu, aliyekaa peke yake mwisho wa benchi la mashahidi.

"Yale majibu yalifika kwenu lini hasa? Saa ngapi?"

Mwalimu alikuwa na karatasi mbele yake lakini hakuhitaji kuitazama. "Jumanne. Saa tano na dakika kumi asubuhi."

Mjane alifumba macho, akihesabu. Mwandishi wa kikao aliacha kuandika.

"Saa tano na dakika kumi," alirudia. "Alikuwa amekaa nje, anakunywa chai. Aliniomba nimwongezee sukari, nikamkatalia."

Alikaa chini. Mwenyekiti alimshukuru, akafunga faili, na watu wakaanza kuvuta viti.